Misimu Minne kwenye Nyumba ya Wifi

Wifi yangu hakuwa mtu wa kualika. Alikuwa anatangaza. Mara ya kwanza alipiga simu Jumatano jioni, mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini na miguu imevimba. Mume wangu akaweka spika, na sauti ya dada yake ikajaa jikoni kwetu.

"Ijumaa asubuhi tunaondoka. Mtoto mfungieni nguo za kuogelea. Na huyo mwambie asije na vile viatu vyake vya kanisani."

Huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye simu, na mwiko mkononi.

Tunaishi Laurel, ghorofa ya tatu, mimi na mume wangu na binti yetu ambaye wakati huo alikuwa na miaka tisa. Wifi anaishi Oxon Hill. Yeye ni nesi wa miaka mingi, dada mkubwa wa mume wangu, na ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alitangulia kuja Marekani, akaolewa na Mmarekani, mzungu mmoja mpole aliyekuwa fundi umeme, kisha akamwita mdogo wake. Mume wangu hajawahi kumwambia dada yake hapana. Hata akitaka, nadhani neno hilo hukwama kooni.

Yule mumewe Mmarekani alifariki mwezi Machi kwa kansa. Alimwachia wifi nyumba ya magogo iliyojengwa na babu yake huko kaskazini kabisa, jimbo la Maine, pembeni ya ziwa, karibu na mpaka wa Kanada. Kutoka Laurel ni saa kumi na nne barabarani, na hapo ni kama foleni ya New York imekuhurumia. Wiki chache baada ya mazishi wifi alikaa kwenye sofa letu, hakuvua koti, akasema: "Nyumba isiyolalwa hufa. Tutaenda misimu yote minne. Familia nzima." Mume wangu alishaitikia kabla hajamaliza.

Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba moja ya kulelea wazee karibu na Greenbelt. Siku zangu za likizo ni chache na nazitunza kama mtu anavyotunza maji Dodoma. Nilitaka kuzitumia kulala. Badala yake mwaka ule zote zilikwenda ziwani, na sikuzipenda hata moja.

Lazima niseme jambo kuhusu utani. Mimi ni Mgogo, wao ni Wahehe wa Mufindi. Kwa desturi sisi ni watani, na mtani anaweza kukuambia maneno ambayo mwingine akiyasema mnapelekana kwa balozi wa nyumba kumi. Lakini utani una sharti lake: anayetania anacheka, na anayetaniwa anapewa zamu yake. Wifi alinitania bila kucheka. Tulipofika ile mara ya kwanza, mwisho wa Juni, gari bado linanguruma, alisimama barazani mikono kiunoni akasema, "Haya, Mgogo amefika kwenye nyumba ya magogo. Sasa umerudi kwenu." Mume wangu alicheka. Nikamngojea amalize kucheka, nikashusha mabegi.

Kiangazi cha huko ni cha visubi. Wanaingia kwenye nywele, nyuma ya masikio, ndani ya soksi, wanauma hadi damu inachuruzika na wewe hujasikia kitu. Choo kilikuwa nje, hatua arobaini kutoka mlangoni, na ukikaa humo ndani mbu wanakujua. Ziwani kulikuwa na ndege mweusi mwenye madoadoa meupe, analia kama mama aliyeletewa habari ya msiba. Wifi alimpenda ndege huyo. Akilia, alinyanyua kidole tunyamaze, nasi tukanyamaza, watu wanne kwenye meza, vijiko vikiwa hewani.

Alikuwa na sheria. Viatu vibaki nje. Maji ya kuoshea vyombo yasimwagwe ziwani. Kuni zipangwe magome juu. Asubuhi kila mtu aingie majini, hata kama maji yana ubaridi wa kukata pumzi. Mimi sijui kuogelea na sikuona aibu kusema hivyo. Nilikulia mahali ambapo bwawa ni la ng'ombe. Nilikaa kwenye jiwe, nimejifunga kanga, nikiwaangalia. Wifi alimshika binti yangu tumboni, akamfundisha kupiga miguu, na siku ya tatu mtoto akaelea mwenyewe. Akapiga kelele kunionyesha. Kabla sijafungua mdomo, wifi akamwambia, "Mama yako hawezi kuja. Anaogopa maji kama paka." Mtoto akacheka, akaniita paka kwa Kiingereza, akacheka tena. Tulivyorudi nyumbani aliniita paka hadi tulipovuka mto Susquehanna, na mume wangu aliyekuwa anaendesha hakumkataza.

Nilimwambia mume wangu sirudi tena. Akasema, "Dada ana majonzi. Vumilia mwaka mmoja." Alisema kana kwamba mwaka ni kitu cha kubandika na kubandua.

Oktoba tukarudi. Majani yalikuwa yamegeuka mekundu na ya njano, na watu huja kutoka mbali kuyatazama. Mimi niliyaona kupitia kuni. Wifi alikuwa amepanga tukate na kupasua kuni za msimu wa baridi, na tulifanya kazi hiyo siku nne, yeye na shoka, mume wangu na msumeno, mimi na mtoto tukibeba. Mikono yangu, ambayo wiki nzima hunyanyua wazee vitandani, ilikufa ganzi. Nilijifariji kwa kitu kimoja tu. Mama yangu alikuwa amenitumia mlenda mkavu kwa mkono wa mtu aliyetoka nyumbani. Mlenda wa kweli, aliouchuma mwenyewe baada ya mvua, akauanika juu ya jamvi, akautwanga. Yule mtu alisafiri nao kwenye begi, akanikabidhi baada ya ibada. Nilikuwa nimeuweka kwenye mfuko wa plastiki ndani ya mfuko mwingine, na nilikusudia kuupika jioni ya mwisho, kwa karanga.

Jioni ya mwisho niliutafuta kabatini sikuuona.

"Wifi, umeona mfuko wangu wa mlenda?"

"Ule unga wa kijani?" Alikuwa anamenya viazi, hakugeuka. "Nimeutupa msituni. Unanuka. Huku kuna dubu, wananusa mbali sana."

Nilibaki nimeshika mlango wa kabati. Mume wangu alikuwa anawasha jiko la kuni, nikamwona mgongo wake ukikakamaa. Nilingoja aseme kitu. Akachochea moto. Nikatoka nje na tochi ya simu, nikatafuta nyuma ya nyumba kati ya misonobari hadi nikauona mfuko umechanwa, unga wote umemwagika juu ya majani yaliyolowa. Nilichota kidogo kwa mkono. Ulikuwa umeshachanganyika na udongo na sindano za misonobari. Nikaukung'uta, nikarudi ndani, nikala viazi vyake. Kuanzia jioni ile nilimchukia wifi yangu kwa moyo wote, na chuki hiyo ilinipa raha fulani. Nilijua sasa nina haki.

Februari, shule zilipofunga kwa wiki moja, tukaenda kwa mara ya tatu.

Barabara ya mwisho kuelekea ziwani ilikuwa na kuta za theluji pande zote mbili, juu kuliko gari. Ziwa lenyewe halikuwepo. Mahali pake palikuwa na uwanja mweupe usio na mwisho, na miti myeusi imesimama kuuzunguka. Wakati wa baridi bomba la nyumba hufungwa ili lisipasuke, kwa hiyo maji tulichota ziwani. Wifi alitoboa tundu kwenye barafu kwa keekee ndefu aliyoachiwa na mumewe, akalipanua kwa shoka, na kila asubuhi alivunja utando mpya ulioganda juu, akajaza ndoo mbili, akaziburuta hadi nyumbani kwenye sahani kubwa ya plastiki ya kutelezea theluji. Hakuruhusu mtu mwingine. "Wewe utatumbukia," aliniambia, "na mimi sitaki kesi."

Siku ya pili mume wangu na mtoto walikwenda mjini kununua gesi ya jiko na mkate. Ni mwendo wa dakika hamsini. Walitoka baada ya chai na mbingu ikiwa nyeupe kama shuka. Kabla ya saa sita theluji ikaanza kushuka, si kwa madaha, bali kwa kishindo cha upepo, na ilipofika saa nane hatukuweza kuona choo. Nyumba ile haina mtandao. Ili simu ishike lazima upande hadi kwenye mwamba mmoja njiani. Wifi alivaa mabuti akapanda, akarudi nyusi zimeganda.

"Wako ukumbi wa kanisa mjini, na watu wengine waliokwama. Barabara imefungwa. Labda kesho kutwa."

Tukatazamana. Nadhani kila mmoja alikuwa anawaza jambo lile lile: siku mbili, sisi wawili tu.

Siku ile hatukuzungumza. Yeye alisoma kitabu, mimi nikafuma sweta, kila mtu upande wake wa jiko. Alipika supu akala, akaacha sufuria mezani bila kunikaribisha. Nilipika uji wangu.

Kesho yake asubuhi upepo ulikuwa umepungua lakini theluji bado inashuka. Wifi alichukua ndoo zake akaenda ziwani. Nilikuwa nimesimama dirishani na kikombe cha chai. Nilimwona akivunja utando, akajaza ndoo ya kwanza, akajaza ya pili. Alipogeuka, mguu ulikanyaga maji yaliyomwagika, ambayo huko hugeuka kioo papo hapo. Akaruka juu, kweli kabisa, miguu yote miwili, akaangukia mkono. Sikusikia sauti kwa sababu ya dirisha. Niliona tu mdomo ukifunguka.

Hapa nitasema kweli, maana sijawahi kumwambia hata mume wangu. Sikutoka mara moja. Nilisimama pale na kikombe changu. Nilimwona akijaribu kuinuka, akashindwa, akajaribu tena. Nilikunywa fundo moja la chai. Mimi, ambaye kazini mzee akiteleza bafuni hufika kabla kengele haijalia. Ndipo nikaweka kikombe chini, nikavaa mabuti yasiyo yangu, nikatoka.

Sikuwa nimewahi kukanyaga barafu ile. Kila hatua niliisikia ikilia chini yangu, mlio mrefu unaokwenda mbali. Wifi alikuwa amekaa karibu na tundu, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani, uso umekuwa wa majivu.

"Usinishike mkono huu!"

"Sijakushika."

"Nasema usinishike!"

Nilimzunguka nyuma, nikapitisha mikono chini ya kwapa zake, nikakunja magoti, nikamnyanyua kama ninavyonyanyua wazee wangu. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Tulikwenda nyumbani polepole, yeye akiniegemea huku akinilaumu kwamba natembea kama bata.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda mahali ambapo hakipaswi kupinda. Aliniamuru kila kitu. Nikatafuta kitu kigumu, nikaona mwiko wa ugali. Nikauweka chini ya mkono wake, nikachana mtandio wangu vipande, nikafunga gango.

"Si hapo. Shusha. Unafunga mtu au unafunga mzigo?"

"Nafunga kinachofungika."

"Umejifunza wapi, wewe? Kazi yako ni kufuta vinyesi vya wazee."

"Ndiyo," nikasema. "Na wao huniambia asante."

Nikampa vidonge vya maumivu na maji. Baada ya muda akataka kwenda chooni. Nilimvisha koti begani, nikachimba njia kwa beleshi hatua zote arobaini, nikampeleka. Vifungo vya suruali hakuweza kuvifungua kwa mkono mmoja. Nilivifungua mimi, nikamshikilia kiuno, nikageuza uso ukutani. Theluji ilikuwa inaingia kwenye nyufa za mbao. Nilimsikia akilia kwa kujibana, pumzi ikikatika puani.

Tuliporudi nikamkalisha karibu na jiko, nikamvua soksi zilizolowa. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake, mguu wake mmoja kwenye mapaja yangu, ndipo akasema:

"Ungeniacha pale mpaka lini?"

"Nini?"

"Nilikuona. Dirishani."

Nikaendelea kumkausha vidole.

"Unakunywa chai," akasema. "Mimi niko chini, wewe unakunywa chai."

"Nilitoka."

"Ulitoka ulipotaka."

Nikaachia mguu wake, nikasimama. Maneno yaliyokuwa yamekaa ndani tangu Oktoba yakatoka yote. Nilimwambia amenigeuza mjakazi, amemfundisha mtoto wangu kunicheka, ametupa mlenda wa mama yangu msituni kama uchafu. Nikamwambia mimi sikuolewa na yeye. Nilipiga kelele hadi sauti ikakwaruza. Alinisikiliza, mkono wake kwenye mwiko, hadi nilipoishiwa.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa nikuulize. Mume wangu alipokufa, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuja msibani."

"Ulikuja na sare ya kazi. Ukala wali, ukaangalia saa, ukaondoka. Nilikuona pia siku ile. Hukuosha hata sahani moja. Siku saba watu wanaingia na kutoka kwangu, wanawake wa Kikongo nisiowajua majina wamelala chini jikoni wananipikia, na mke wa mdogo wangu hayupo."

"Nilikuwa na zamu."

"Ulikuwa na zamu." Aliyarudia maneno yangu kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. "Na pale kwenye maegesho ya kanisa, ulipokuwa unaongea na yule mama Mkenya, ilikuwa zamu pia?"

Nilijua anachokwenda kusema. Nilikuwa nimekisahau kabisa, kama mtu anavyosahau alipotemea mate, na sasa nilikumbuka hadi jua la siku ile. Wiki moja baada ya mazishi, yule mama aliniuliza wifi anaendeleaje. Nami nikamwambia, huku nikicheka: "Yule hakuolewa na mtu. Aliolewa na makaratasi na nyumba ya porini. Mzee alikuwa mhuri tu."

Wifi aliyasema maneno yote, moja moja, hakuacha hata nukta.

"Makaratasi hayo," akasema, "ndiyo yaliyomleta mdogo wangu. Na mdogo wangu ndiye aliyekuleta wewe. Umelala juu ya makaratasi hayo, mtoto wako amezaliwa juu yake. Mimi niliishi na mtu yule miaka ishirini na mitano. Nimemwosha kwa mikono hii alipokuwa hawezi kugeuka. Alitaka kufia hapa, nikashindwa kumleta. Na wewe unamwita mhuri."

Kuni zikaporomoka ndani ya jiko. Hakuna aliyeinuka kuzipanga.

"Kwa hiyo nikaamua utakuja," akasema. "Ulisema nimeolewa na nyumba ya porini. Nikasema basi, ataila hiyo nyumba. Kiangazi, vuli, baridi, masika. Atabeba kuni zake, atajisaidia kwenye choo chake, ataumwa na visubi wake. Halafu aniambie kama kuna mwanamke anayeolewa na hiki." Alinyoosha mkono mzima kuelekea mlangoni, kule choo kilikokuwa.

Nilikaa kwenye kiti. Kwa muda mrefu nilikuwa najiona mimi ndiye niliyekosewa, na sikuwa tayari kumwachia nafasi hiyo mtu mwingine.

"Na mlenda?" nikauliza mwishowe. "Ni dubu kweli?"

"Niliutupa kwa makusudi. Hakuna dubu anayesumbuka na mlenda."

"Na mimi nilisimama dirishani kwa makusudi."

"Najua."

Laiti ningeweza kusema tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nilienda ziwani kwa hofu yangu, nikazoa ndoo alizoangusha, nikachota maji, nikarudi. Nikapika ugali kwa kijiko kikubwa cha supu, maana mwiko ulikuwa na kazi nyingine. Nikampa kwa mkono wake wa kushoto, akala kidogo, akasema haujaiva. Haukuwa umeiva.

Kesho yake gari la kuzoa theluji lilifungua barabara, na mume wangu na mtoto wakafika kabla ya chakula cha mchana. Mtoto alimkimbilia shangazi yake, akauona mkono, akaanza kulia. Mume wangu alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kumetokea nini hapa?"

"Nilianguka," wifi akasema. "Amenihudumia."

Kwenye zahanati ya mji ule, daktari kijana alifungua gango langu akauliza limefungwa na nani, maana limefungwa vizuri. Wifi akamjibu kwa Kiingereza chake kilichonyooka: "Mimi mwenyewe. Mimi ni nesi." Nilikuwa nimesimama kando, nimeshika koti lake.

Machi, mwaka ulipotimia tangu kifo cha mumewe, nilichukua siku ya mapumziko nikaenda Oxon Hill peke yangu, bila kumwambia mume wangu. Nilivaa gauni jeusi, nikajifunga kanga. Nilipiga kengele. Alifungua, plasta ya mfupa bado mkononi, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Nimekuja kutoa pole," nikasema.

"Umechelewa mwaka mzima."

"Najua."

Alifikiri kidogo, akaacha mlango wazi, akaingia ndani. Hakunikaribisha kiti. Sinki lilikuwa limejaa vyombo vya siku kadhaa, kwa sababu ya ule mkono, nikakunja mikono ya gauni nikaviosha. Alikaa mezani nyuma yangu. Alisema ile sufuria ya chini isuguliwe kwa chumvi. Nikaisugua kwa chumvi. Nilipomaliza nikageuka nikamwambia nilikosea kwa yale maneno, na kwa ile sare, na kwa dirisha. Niliyasema yote matatu kwa sababu nilijua nikiacha moja atalikumbuka.

"Hukuniambia mimi," akajibu. "Nenda kamwambie yule uliyemwambia."

Basi Jumapili nikamfuata yule mama Mkenya pale pale kwenye maegesho, wanawe wakimngojea garini. Nikamwambia yale niliyowahi kusema juu ya wifi yangu yalikuwa ya uongo na ya aibu, na kwamba mzee yule alikuwa mume wa kweli. Yeye akanishika bega.

"Ai, mama," akasema, "hiyo story nilisahau kitambo. Kwani bado mnakosana juu ya hiyo?"

Nilirudi Laurel nikijisikia mjinga kuliko siku zote za maisha yangu. Yule mama ndiye aliyeyabeba maneno yangu hadi Oxon Hill, na hakukumbuka hata kuyabeba.

Mei ikafika, msimu wa nne. Simu ikalia, spika ikawekwa. Safari hii sikumngoja mume wangu. Niliinama kwenye simu nikasema, "Wifi, mimi siji."

"Sijakuita," akasema. "Namwita mdogo wangu na mtoto."

Walikwenda. Nililala siku mbili mfululizo, na siku ya tatu nikaosha mapazia ambayo hayakuwa machafu. Walirudi wamechomwa na jua, mtoto ananuka moshi, na mume wangu alisema barafu imeyeyuka na dada ameanza tena kuogelea kwa mkono ule ule. Sikuuliza zaidi.

Sasa tunaonana Jumapili moja moja. Anakuja kwetu, anakaa, anakagua sakafu yangu kwa macho. Hatupendani. Akinitania siku hizi namjibu, na mara moja alicheka, ingawa alikigeuza kicheko kikawa kikohozi. Wiki iliyopita alitangaza safari ya vuli. Nikamwambia nitakuja siku tatu tu, ila nitalala kwenye hoteli moja ndogo ya kule mjini, na asubuhi nitakuja kubeba kuni.

"Hoteli ile ina kunguni," akasema.

"Bora kunguni."

Akakata simu. Nimeshapanga chumba.